Kuona, Kuhifadhi, Kupeleka: Historia ya Picha ya Retina kutoka Königsberg hadi Nakuru

Waswahili husema macho hayana pazia. Maana yake ni kwamba jicho hutazama lolote lipitalo mbele yake, wala halichagui. Methali hiyo ni ya kweli kwa mwenye jicho. Lakini kwa mtu aliye nje, atakaye kutazama ndani ya jicho la mwenziwe, pazia lilikuwapo kwa karne nyingi, nalo lilikuwa jeusi. Katikati ya jicho pana tundu lipitishalo mwanga, yaani mboni, na kila aliyechungulia tundu hilo aliona giza tupu. Hadi katikati ya karne ya 19 hapakuwa na tabibu aliyeweza kumtazama mgonjwa aliye hai na kusema kwa yakini ni kitu gani kilichoharibika nyuma ya mboni yake.

Leo kazi hiyo yaweza kufanywa kwa simu ya mkononi, katika kijiji kisicho na umeme, na mtu asiye daktari. Makala haya yaeleza njia iliyopitwa kati ya nyakati hizo mbili. Njia hiyo aghalabu husimuliwa kama historia ya vioo na mashine, lakini ukiitazama kwa makini ni historia ya kazi tatu zilizotenganishwa moja baada ya nyingine: kuiona retina, kuhifadhi kilichoonekana, na kukipeleka kwa msomaji aliye mbali. Kila kazi ilipotengwa na wenzake, mjuzi alisogea mbali kidogo na mgonjwa. Na kila mara likabaki swali lile lile: ni nani atakayemweleza mgonjwa yaliyoonekana, kwa maneno gani, na akisha kuelezwa ataelekea wapi?

Majina ya jicho

Kabla ya vyombo yafaa kutazama majina, kwa kuwa majina ni ya kale kuliko vyombo vyote. Neno mboni latokana na mzizi ule ule uliozaa kitenzi ona. Katika Kibantu cha kale mzizi huo ulianza kwa sauti ya b, kama unavyosikika hata leo katika bona ya Kizulu na ya Kinyarwanda. Kiswahili kiliiangusha b hiyo katika ona, lakini katika mboni ilisalimika kwa kukingwa na m iliyoitangulia. Hivyo jina lenyewe lataja kazi ya kitu: mboni ni ya kuonea.

Lugha nyingine zilitazama tundu hilo hilo zikaona jambo jingine. Wayunani waliliita kore, yaani msichana. Warumi waliliita pupilla, yaani kisichana au mwanasesere. Waarabu husema insan al-ayn, mtu wa jicho. Sababu ni moja: atazamaye mboni ya mwenziwe kwa karibu huona humo sura yake mwenyewe, ndogo mno. Kiswahili nacho kina mtoto katika jicho, ila mtoto wa jicho si sura ya mtazamaji, bali ni maradhi, ule ukungu unaoifunika lenzi na kuzuia mwanga. Majina ya Wayunani, Warumi na Waarabu ni ushahidi wa historia. Yaonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka elfu mbili aliyechungulia jicho la mwenziwe hakuona kilichomo, alijiona mwenyewe.

Kilichomo kilijulikana kwa kupasua maiti tu. Herophilos, tabibu wa Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, hutajwa kuwa ndiye aliyeifananisha ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho na wavu wa kutupa uliokusanywa. Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua wavu wa namna hiyo, nao huuita kimia. Mfano huo wa Kiyunani uliingia katika Kiarabu wakati vitabu vya tiba vilipokuwa vikitafsiriwa, na ngozi ile ikaitwa shabakiyya, kutokana na shabaka, yaani wavu. Katika karne ya 12, huko Toledo, Gerard wa Cremona alikitafsiri kitabu kikubwa cha tiba cha Ibn Sina kwa Kilatini, na wavu wa Kiarabu ukawa rete wa Kilatini, na humo likatoka neno retina. Baadaye sana neno hilo likafika katika vitabu vya elimu ya viumbe vya Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, likiwa limekwisha kuzunguka bahari nzima ya Mediterania. Lilipofika halikuwa na harufu ya bahari tena, na mwanafunzi wa pwani alilikariri bila kujua kwamba maana yake ilikuwa ikianikwa juani nje ya nyumba yao.

Kuona

Kwa nini mboni ni nyeusi? Swali hili laonekana la kitoto, lakini halikujibiwa sawasawa hata ilipofika karne ya 19. Watu walijua kwamba macho ya paka hung'aa gizani. Mwaka 1704 Jean Méry wa Paris alieleza jinsi alivyoona mishipa ya damu ndani ya jicho la paka aliyezamishwa majini. Mwaka 1823 Jan Purkyně, aliyefundisha Breslau, aliandika habari za kuuangaza undani wa jicho, lakini maandishi yake hayakufuatwa. Mwaka 1847 Mwingereza Charles Babbage, anayejulikana zaidi kwa mashine zake za hesabu, alitengeneza chombo cha kutazamia jicho akamwonyesha tabibu wa macho, wala hapana kilichoendelea. Mlango uligongwa mara nyingi, ila waliogonga hawakungoja kufunguliwa.

Aliyeufungua ni Hermann von Helmholtz, mwalimu wa chuo kikuu huko Königsberg, aliyekuwa na umri wa miaka 29. Yeye alianza na sababu ya giza. Mwanga unaoingia jichoni hauishii humo wote. Sehemu yake hugonga retina ikarudi, na hurudi kwa njia ile ile iliyoijia, moja kwa moja hadi kwenye taa. Basi atakaye kuupokea mwanga huo hana budi kuliweka jicho lake mahali pa taa. Lakini akifanya hivyo kichwa chake huizuia taa, na jicho linalotazamwa huingia gizani. Helmholtz aliitatua shida hiyo kwa vipande vyembamba vya kioo kitupu, visivyopakwa zebaki, vilivyowekwa mshazari mbele ya jicho la mgonjwa, na taa ikawekwa kando. Kioo kiligeuza sehemu ya mwanga ikaingia mbonini. Mwanga uliporudi, sehemu yake ilipenya kioo hicho hicho ikamfikia mtazamaji aliyekuwa nyuma yake. Taa na jicho vilikuwa vimewekwa katika njia moja bila kuzibana.

Alitangaza habari hizo kwa wanafizikia wa Berlin mwezi wa Desemba 1850, na mwaka 1851 akazichapa katika kijitabu. Chombo alikiita kwa Kijerumani Augenspiegel, yaani kioo cha jicho. Mwaka 1852 Christian Ruete wa Göttingen akaleta njia ya pili: kioo kilichobonyea, kilichotobolewa katikati, na lenzi ya kukuza iliyoshikwa mkononi mbele ya jicho la mgonjwa. Yafaa njia hizi mbili zikumbukwe, kwa maana simu ya leo haikuleta ya tatu.

Faida ilikuwa kubwa kupita kiasi. Retina ni mahali mwilini ambapo mishipa ya damu yaweza kutazamwa wazi katika mtu aliye hai, bila kukatwa. Lakini chombo kilikuwa na upungufu mmoja: kiliona mtu mmoja tu. Tabibu aliyekiinamia hakuweza kumwonyesha mwenziwe alichokiona isipokuwa kwa kumwachia nafasi, na mgonjwa akiondoka ushahidi huondoka naye. Kilichobaki ni maneno ya tabibu, au mchoro wa mkono wake. Ndiyo maana vitabu vikubwa vya retina vya zama zile, kama kile cha Richard Liebreich cha mwaka 1863 na kile cha Eduard Jaeger cha mwaka 1869, vilikuwa vya michoro.

Ushuhuda wa mtu mmoja una hatari yake, na hatari hiyo ilionekana mapema. Katika ugonjwa wa glakoma kile kichwa cha mshipa wa fahamu, mahali unapoingia jichoni, huliwa kikabonyea kama kikombe. Mwaka 1854 Albrecht von Graefe wa Berlin na Jaeger wa Vienna walikitazama, na wote wawili wakaeleza kwamba kimevimba. Hawakuwa wanagenzi, walikuwa mabingwa wa kazi yao. Lakini chombo kilitumia jicho moja, na jicho moja halipimi kina kwa urahisi, hata shimo likaonekana kilima. Graefe mwenyewe alilisahihisha kosa hilo muda si mrefu baadaye. Funzo lililobaki ni kwamba kuona si kusoma. Retina iliyo wazi mbele ya mtazamaji bado yaweza kusomwa kinyume.

Kuhifadhi

Dawa ya ushuhuda wa mtu mmoja ni picha, lakini kuipiga retina picha kulikuwa kugumu. Mwanga unaorudi ni hafifu, jicho halitulii, na uso wa jicho wenyewe hurudisha mng'ao unaoiharibu picha. Mwaka 1886 Waingereza wawili, Jackman na Webster, walichapisha picha ya retina ya mtu aliye hai. Kamera ilikuwa imefungwa kichwani pa mgonjwa ili itikisike pamoja naye, na mwanga uliachwa uingie kwa muda wa dakika mbili na nusu. Picha ilionyesha kichwa cha mshipa wa fahamu na baadhi ya mishipa mikubwa, pamoja na doa kubwa la mng'ao. Hata hivyo ilikuwa imethibitika kwamba jambo lawezekana.

Tatizo la mng'ao lilishughulikiwa na Allvar Gullstrand wa Uswidi, mshindi wa tuzo ya Nobel ya mwaka 1911. Yeye alionyesha kwamba njia ya mwanga unaoingia na njia ya mwanga unaotoka zapasa kutengwa katika mboni. Juu ya msingi huo Mswidi mwenziwe, Nordenson, pamoja na kampuni ya Zeiss, walitoa mwaka 1926 kamera ya retina ya kwanza kuuzwa madukani. Mwaka 1961 Novotny na Alvis, waliokuwa bado wanafunzi wa tiba huko Indiana, Marekani, walichapisha njia ya kutia rangi katika damu na kuipiga picha ikipita katika mishipa ya retina. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 filamu ikaanza kuacha nafasi yake kwa picha za kompyuta.

Sasa retina ilikuwa na kumbukumbu. Picha ya mwaka huu iliweza kuwekwa kando ya picha ya mwaka jana, na wasomaji wawili waliweza kubishana juu ya kitu kimoja. Lakini mashine ilikuwa nzito. Ilikaa mezani, ilitaka umeme na chumba chenye giza, na mgonjwa ilimpasa aje kwake, akae, aweke kidevu mahali pake na kutulia. Kumbukumbu ilipatikana, ila ilipatikana mahali mashine ilipokuwa, na mashine ilikuwa katika miji mikubwa.

Jambo jingine lapaswa kusemwa hapa, kwa sababu wasimulizi wa maendeleo ya vyombo hulisahau. Kuona hakukuleta tiba. Mnamo mwaka 1855 Jaeger aliona mabadiliko katika retina ya mgonjwa wa kisukari. Ushahidi imara kwamba leza yaweza kuzuia sehemu kubwa ya upofu wa kisukari ulitolewa Marekani mwaka 1976. Kati ya tarehe hizo mbili pana miaka zaidi ya 120, na katika miaka hiyo madaktari waliutazama upofu ukija, wakauchora, wakaupiga picha, wasiweze kuuzuia.

Na hata tiba ilipopatikana, picha peke yake haikutosha. Mfano wa Uingereza ni wa kufaa. Kuanzia mwaka 2003 ulianzishwa huko mpango wa taifa wa kuwapiga picha za retina watu wenye kisukari kwa zamu maalumu. Hesabu za mwaka 2009 hadi 2010, zilizochapishwa mwaka 2014, zilionyesha kwamba kwa mara ya kwanza katika muda wa miaka 50 maradhi ya macho ya kisukari hayakuwa tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi katika England na Wales. Waliozichapa walitaja mpango huo wa picha na vile vile matibabu bora ya kisukari chenyewe. Kamera zilikuwapo tangu mwaka 1926. Kilichoongezwa ni orodha ya wagonjwa, barua za kuwaita, wasomaji wa picha, na hospitali ya kuwapokea.

Kupeleka

Neno simu husemwa kuwa limetokana na Kiajemi, ambamo sim ni waya. Zamani lilikuwa jina la habari zilizopelekwa kwa waya, kisha la chombo cha kuzungumzia. Leo waya umetoweka na jina limebaki, na chombo kimekuwa kamera, taa na sanduku la barua kwa pamoja. Sifa tatu hizo ndizo zilizoifanya simu ifae kwa retina.

Mtu akiigeuza simu yenye kamera ataona kwamba taa yake na lenzi yake zimekaa karibu karibu. Waliozipanga hivyo hawakuwa na habari ya jicho. Lakini ukaribu huo ndio aliokuwa akiutafuta Helmholtz: mwanga uende na urudi katika njia karibu moja. Ikishikwa lenzi ya kukuza mbele ya jicho la mgonjwa, na simu ikawekwa nyuma ya lenzi hiyo, njia ya Ruete ya mwaka 1852 imerudi, isipokuwa mahali pa jicho la tabibu pana kamera. Vipo pia vifaa vidogo vya kupachikwa juu ya simu, ambavyo huupindisha mwanga wa taa ukaribie zaidi njia ya lenzi. Hivyo ni vya ukoo wa Helmholtz mwenyewe. Katika mwaka 2012 walichapisha wataalamu wa Marekani kwamba mwanga wa simu waliyoipima ulikuwa chini ya kipimo kinachokubaliwa na mataifa kuwa salama kwa retina.

Jaribio lenye maana kubwa kwa Afrika Mashariki lilifanywa Nakuru, Kenya. Katika miaka ya 2007 na 2008 watu zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walipimwa macho katika wilaya hiyo. Mwaka 2013 na 2014 walifuatwa tena, na safari hii, pamoja na vyombo vya kawaida vilivyobebwa hadi vijijini, palikuwa na simu. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa daktari wa macho Andrew Bastawrous, wa chuo cha tiba za nchi za joto cha London, ambaye alishiriki kuanzisha shirika la Peek. Vichwa vya mishipa ya fahamu vilipigwa picha kwa kamera ya mezani na kwa simu yenye kifaa cha kupachikwa, mboni zikiwa zimepanuliwa kwa dawa. Picha zikasomwa London, katika kituo cha kusomea picha cha hospitali ya macho ya Moorfields. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba picha za simu zilikaribiana na za kamera ya mezani katika kupima ukubwa wa kile kikombe cha glakoma, na kwamba mtu asiye na elimu ya uganga wa macho aliweza, akifundishwa, kuzipiga picha zinazofaa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Tangu Helmholtz, aliyeiona retina na aliyeisoma alikuwa mtu mmoja. Kamera ya mezani ilianza kuwatenga, lakini mara nyingi wote wawili walibaki chini ya paa moja au katika mji mmoja. Nakuru aliyepiga picha alisimama uani pa mgonjwa, na aliyeisoma alikaa katika bara jingine. Tangu mwaka 2018 msomaji huyo aweza hata asiwe mtu. Katika mwaka huo serikali ya Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza mashine ya akili mnemba kutoa uamuzi juu ya picha za retina za wagonjwa wa kisukari bila daktari kuzitazama, na katika mwaka huo huo yalichapishwa majaribio ya Chennai, Uhindi, ya mashine ya namna hiyo ikisoma picha zilizopigwa kwa simu.

Mipaka ya picha ya simu nayo isifichwe. Aghalabu huonyesha eneo dogo kuliko kamera ya mezani, na dalili za pembeni ya retina zaweza kukosekana. Mkono ukitikisika, picha hupotea. Mtoto wa jicho akikomaa huiziba njia, na hapo simu huona ukungu tu. Ingawa kwa mgonjwa huyo ukungu wenyewe ni jibu, kwa kuwa waonyesha kwamba ahitaji upasuaji.

Kuna jambo moja la Blantyre, Malawi, laonyesha uzito wa kazi hii nje ya upofu. Mwaka 2004 walichapisha watafiti wa huko uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliokuwa wamehesabiwa kuwa wamekufa kwa malaria ya ubongo. Watoto 7 kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Walipokuwa hai homa ilikuwa moja, kuzimia kulikuwa kumoja, na vidudu vya malaria vilikuwamo katika damu yao wote. Dalili ya kitanda iliyowatofautisha ilikuwa katika retina: weupe, mishipa iliyobadilika rangi, na madoa ya damu, katika wale ambao kweli waliuawa na malaria. Mtoto asiye na dalili hizo alikuwa na ugonjwa mwingine, na ugonjwa huo ulihitaji kutafutwa kabla hajafa. Katika wodi za wilaya aliye na ujuzi wa kuitazama retina ya mtoto aliyezimia ni wa nadra, na usiku hayupo. Hapo faida ya kuipeleka picha kwa msomaji haihitaji kuelezwa.

Maneno ya kumwambia mgonjwa

Historia iliyosimuliwa hapa yaonyesha kwamba kila hatua ilifanikiwa pale tu kazi nyingine zilipoifuata. Kuona bila kusoma kulimpotosha Graefe. Kuhifadhi bila tiba kulidumu miongo mingi. Kupeleka nako kwahitaji mwenzake, naye ni kurudi: jibu lirudi kwa mgonjwa, kwa lugha anayoijua. Hapo kazi yatoka mikononi mwa mabingwa wa vioo ikaingia katika mikono ya wataalamu wa lugha.

Mpiga picha wa kijijini aanzapo kazi hukutana na maneno matatu yenye miiba. La kwanza ni picha yenyewe. Mgonjwa akiambiwa atapigwa picha hufikiri ama sura yake itachukuliwa, ama atapelekwa kwenye mashine ya hospitali ionyeshayo mifupa. La pili ni presha. Watu wengi huiita glakoma presha ya macho, na presha pekee ni jina la shinikizo la damu. Maradhi yote mawili huacha alama katika retina, lakini dawa zake si moja, na mtu anayemeza vidonge vya presha aweza kudhani kwamba macho yake nayo yamekwisha kutibiwa. La tatu ni dawa ya kupanua mboni. Kwa saa kadhaa baada ya kutiwa, mtu huona ukungu na mwanga humwumiza. Asipoambiwa mapema ataamini kwamba waliokuja kumtibu wamempofusha, na jirani zake hawatafungua mlango kesho yake.

Retina yenyewe yaweza kuelezwa bila shida, kwa sababu mfano wake wa kwanza ulikuwa wa mvuvi. Neno retina limekwisha kukaa katika vitabu, wala hapana haja ya kulifukuza. Lakini mtu wa pwani akiambiwa kwamba nyuma ya jicho lake kuna kitu mfano wa kimia, chenye kuunasa mwanga kama wavu unavyonasa dagaa, na kwamba kimia hicho kimeanza kutoboka, amepata katika sentensi moja maana aliyoikusudia Herophilos. Kwa mtu wa bara asiyevua samaki mfano mwingine utatafutwa. Kazi hiyo ya kutafuta mifano ni ya utaalamu kamili, wala haipunguki thamani na kazi ya kuyachonga maneno ya kamusi.

Ruhusa ya mgonjwa nayo yataka maneno yaliyo wazi. Mwaka 1935 madaktari wawili wa New York, Simon na Goldstein, walionyesha kwamba mpangilio wa mishipa ya retina haufanani kati ya mtu na mtu, hata waweza kumtambulisha mtu kama alama ya kidole. Kwa hiyo picha ya retina iliyomo katika simu si picha ya ugonjwa tu, bali ni ya mtu fulani, na mwenyewe apaswa kujua inakwenda kwa nani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao upungufu huo ungaliweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa. Wengi wao hawazuiliwi tena na giza la mboni, kwa kuwa giza hilo Helmholtz aliliondoa. Wanazuiliwa na umbali wa hospitali, gharama ya nauli, na habari zisizofika au zinazofika zikiwa hazieleweki. Picha iliyopigwa uani asubuhi yaweza kusomwa mbali kabla ya jua kutua. Kisha jibu hurudi katika simu, na mtu mmoja hana budi kwenda tena katika ua ule, kuketi na mwenye jicho, na kumwambia kwa lugha ya nyumba ile kilichoonekana, tiba iko wapi, na gari la kumpeleka laondoka siku gani.